Mabua Juu ya Ekzosi

Katika wilaya ya Yelbarin, huko kwenye mashamba ya ngano ya Australia Magharibi, nyumba na nyumba hutenganishwa na mwendo wa robo saa kwa gari, na mtu hujulikana zaidi kwa sauti yake redioni kuliko kwa sura. Sauti ya Desmond Trewin ilikuwa ya kuaminiwa. Akisema anakuja na tangi la maji, mwenye moto hakuwa na haja ya kutazama tena barabarani. Akisema ng'ombe wamerudi zizini, watu walizima taa zao wakalala. Kwa miaka arobaini hakuna aliyesikia akisema jambo kisha likawa jingine. Ndiyo maana alilolifanya lilikuwa zito kuliko kama lingefanywa na mtu wa hivihivi.

Alizaliwa katika nyumba ileile aliyozeekea. Baba yake, Horace, alimfundisha mambo mawili: kuchomelea chuma na kutosema asilolijua. Mwaka 1958 Horace alinunua lori la kubebea magunia ya ngano hadi stesheni, akaliendesha mpaka lilipokufa injini, kisha akalisukuma nyuma ya banda chini ya mkalitusi. Lilikaa pale miaka thelathini. Ndege walijenga ndani yake, nyoka wakahamia chini ya kiti. Horace alipofariki, Desmond alikuwa na miaka sitini. Wiki moja baada ya mazishi alilifunga lori minyororo, akalivuta kwa trekta hadi ndani ya banda, akaanza kulifufua.

Kazi ilimchukua majira matatu ya baridi. Injini ilikuwa imeshikana kwa kutu. Alimimina mafuta kwenye mitungi ya pistoni, akangoja wiki sita, kila asubuhi akiijaribu kwa mtaimbo mpaka siku moja ikasogea kidole kimoja. Sakafu ya kabini ya dereva ilikuwa imeliwa yote, akaikata na kuchomelea bati jipya. Mbao za bodi alizipasua mwenyewe kutoka magogo ya ua wa zamani. Mkewe, Noeline, alikuwa akimpelekea chai bandani na kusema kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kudhani ataletewa mke mwenza, tena anayenuka grisi.

Kila Jumapili alikuja Garth Hallam, jirani yake wa upande wa mashariki, mkuu wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea. Walikuwa wamesoma darasa moja, wameoa mwaka mmoja, na mashamba yao yaliunganishwa na geti moja ambalo halijawahi kufungwa kwa kufuli. Garth hakujua sana mambo ya injini, lakini alijua kushikilia kitu na kutania, na mtu anayefufua lori huvihitaji vyote viwili.

Kazi ya mwisho ilikuwa ekzosi. Ile ya zamani ilikuwa imekuwa unga wa kutu, na Desmond hakutaka ya dukani. Alitaka mbili, kila moja ikibeba pumzi ya mitungi mitatu, zipite chini ya ngazi za milango na kutokea mbele ya magurudumu ya nyuma, ili lori likipanda mlima lisikike kama alivyokuwa akilisikia utotoni, amelala juu ya magunia. Walikunja mabomba kwa njia ya Horace. Garth alishindilia mchanga mkavu ndani ya bomba, Desmond akaziba ncha, akalipasha moto mpaka likawa jekundu kama kaa, kisha wakalivuta polepole kwenye kalibu ya gogo, kila mmoja ameshika upande wake. Mchanga ndio uliozuia bomba lisibonyee. Kila kona ilitoka laini bila kunyanzi hata moja.

Walipolifunga bomba la kwanza, Garth alilala chini akalitazama muda mrefu.

"Liko chini mno, jirani," alisema. "Mabua yatalikalia."

"Hili ni lori la lami. Mabua litayaona dirishani tu."

"Na suti yako ya harusi nayo ulisema ni ya siku moja. Umeshazika watu wangapi nayo?"

Desmond alicheka, wakafunga bomba la pili.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa Desemba, wakati wa mavuno. Majira hayo nchi nzima inakuwa kavu kama karatasi, na siku joto linapopita kiasi na upepo kukaza, halmashauri hutangaza marufuku kwa kuhofia moto. Kombaini zote za kuvunia husimama, na hakuna gari linaloruhusiwa kukanyaga mabua yaliyobaki shambani mpaka marufuku iondolewe. Mkuu wa kikosi husoma majina ya mashamba redioni, moja baada ya jingine, na kila mwenye shamba hujibu neno moja tu: nimesimama. Hakuna anayekwenda kukagua. Wilaya yote husimama juu ya neno hilo.

Siku ile marufuku ilifika saa tano asubuhi. Garth aliisoma akiwa ndani ya kombaini yake, na sauti yake ilikuja ikiwa na mngurumo nyuma yake. Alipofika kwa Trewin, Desmond alikuwa ameshaegesha kombaini yake pembeni ya shamba. Akabonyeza kitufe akasema, "Nimesimama." Wakati alipolisema, lilikuwa kweli.

Nusu saa baadaye alikuwa bandani. Hakuna kazi, joto limejaa kwenye mabati, na lori mbele yake na ekzosi zake mbili mpya ambazo zilikuwa hazijapanda mlima hata mara moja. Mlima wenyewe, kwa njia ya lami, ulikuwa mbali, ukizunguka mji mzima. Kwa kupitia geti la Garth na kukata kona ya mabua yake ulikuwa dakika tano. Desmond alijiambia kwamba lori si kombaini. Alijiambia kwamba ni kwenda na kurudi tu. Watu wengi hawavunji sheria kwa kuichukia. Huivunja kwa kukipa kile wanachokifanya jina jingine.

Akaenda. Lori lilipanda mlima likiunguruma vile hasa alivyotaka, na akiwa juu kule alitokwa na machozi, mwanamume wa miaka sitini na mitatu, kwa sababu ya sauti ya baba yake kurudi. Akateremka, akakata kona ileile, akaegesha bandani, akanawa mikono. Alikuwa akila mkate na nyama ya kondoo iliyopoa Noeline aliposimama dirishani na kusema kwa upole, "Des, moshi."

Kila pikapu ya wilaya yenye tangi la maji ilikuja. Walipambana mpaka jua likainama, Garth akiwaelekeza kwa sauti iliyokauka. Hakuna mtu aliyeumia. Lakini upepo ulikuwa umeubeba moto moja kwa moja hadi katikati ya shamba la Garth, ukala shayiri yote iliyokuwa bado haijakatwa, ukala ua, ukawakuta kondoo majike mia moja na sitini kwenye kona wasikoweza kutoka.

Desmond alirudi nyumbani jua bado lipo. Aliingia bandani kutafuta kitambaa, na harufu ikamsimamisha. Akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya lori. Juu ya ekzosi ya kushoto, pale inapopita karibu na chuma cha fremu, palikuwa na mabua yaliyojishindilia kama kiota. Nusu yake yalikuwa makavu na ya manjano. Nusu nyingine ilikuwa jivu, na katikati palikuwa na pengo, pahali ambapo donge la moto lilidondoka.

Alikaa pale chini. Kisha akachukua bisibisi, akakwangua mabua yote, akayamwagia maji, akafagia. Alifagia mara mbili. Mtu asiyejua asingefagia hata mara moja, na yeye mwenyewe alilijua hilo wakati ufagio uko mkononi.

Asubuhi yake alikwenda na Garth kuwaua kondoo walioungua lakini hawakufa. Ni kazi ambayo mtu haachiwi aifanye peke yake. Garth alishika bunduki, Desmond akampa risasi, moja moja. Walipofika kama kondoo wa arobaini Garth alikaa juu ya jiwe.

"Ni mimi, Des," alisema. "Nilikuwa nasoma majina yenu huku mashine inakata. Nilibakiwa na ukanda mmoja, nikasema nikimaliza majina nitakuwa nimemaliza na ukanda. Dakika kumi. Mimi, mkuu wa kikosi."

Desmond alikuwa na risasi mkononi. Alifungua mdomo. Maneno yote yalikuwa pale, yamekaa tayari, na yalikuwa machache.

"Huwezi kujua," alisema.

Hakuna uongo katika maneno hayo mawili. Ndiyo maana yalikuwa uongo mbaya kuliko wote aliowahi kuusema.

Mkaguzi alikuja, akapima, akaandika kwamba chanzo hakikuthibitika. Garth alimweleza kuhusu ukanda wake bila kuulizwa. Hakuna aliyemtukana. Lakini kwenye klabu ya mji watu waliacha kumtania, na kwa watu wa Yelbarin mtu akiacha kutaniwa ujue ameshahukumiwa. Mwezi Januari Garth aliandika barua ya mistari mitatu kuacha ukuu wa kikosi baada ya miaka kumi na tisa.

Desmond alimsaidia kwa kila kitu. Alimpa majani ya mifugo. Alijenga naye ua upya, kilomita tatu, nguzo kwa nguzo. Kila jioni Garth alimshukuru, na kila shukrani ilimwingia Desmond kama msumari, lakini kesho yake alikwenda tena. Alikuwa akijaribu kulipa bila kukiri, na malipo ya namna hiyo hayafiki kwa mwenye kudai.

Palikuwa na jambo dogo lililomtesa kuliko ua. Kwenye barabara zile, madereva wawili wakipishana, kila mmoja huinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Ndiyo salamu yao. Hata mgeni hupewa. Garth alipishana na Desmond karibu kila siku, na kila siku kidole kiliinuka. Ilifika mahali Desmond akawa anakwenda mjini kwa njia ndefu ya changarawe ili asikione.

Mwezi Februari alizikata ekzosi. Alizikata na msumeno, kona zile zilizokunjwa kwa mchanga, akazitupa nyuma ya banda, akajenga bomba moja la kusimama nyuma ya kabini, juu kabisa, lenye wavu wa kukinga cheche. Garth alikuja Jumapili akaliona.

"Umezifanyaje?"

"Sauti ilikuwa kubwa mno."

Garth alimtazama kama mtu anayengoja mzaha uishe. "Miaka mitatu umenihubiria sauti. Mke wangu anaijua hiyo sauti na hajawahi kuisikia. Leo ni kubwa?"

"Uzee, bwana."

"Basi mwambie huyo Uzee alipe mgongo wangu, maana ule mchanga niliushindilia mimi." Akacheka, cheko lake la kwanza tangu Desemba, akaenda kulishika bomba jipya na kusema si baya, ingawa lori sasa limefanana na kiwanda cha maziwa.

Hakuuliza zaidi. Alikuwa amesikia mwenyewe redioni kwamba Trewin amesimama, na kwake jambo hilo lilikuwa limekwisha pale.

Mkutano wa mwaka wa kikosi ulifanyika Aprili, Jumamosi mchana, ndani ya banda la magari ya zimamoto. Watu kama thelathini walikuja. Soseji zilikuwa zikichomwa mlangoni, bia ziko ndani ya friji kuukuu, na katibu, Bi Enid Couch, ambaye alikuwa amewafundisha nusu yao kusoma, alikaa mezani na daftari lake. Baada ya mambo madogo alisema kwamba sasa ni kuchagua mkuu mpya, na nani ana jina.

Garth ndiye aliyesimama. Hakuwa amesema neno kwenye mkutano wowote tangu moto. Alisema jina la Desmond Trewin.

"Nitasema sababu moja tu," alisema. "Miaka kumi na tisa nimesoma majina. Wengine wenu nilikuwa nikisikia 'nimesimama' nachukua darubini." Watu wakacheka, wawili watatu wakainamia viatu vyao. "Des sijawahi kuhitaji kwenda kumwangalia. Hata siku moja. Mtu anayewasomea wengine majina awe wa namna hiyo. Mimi sikuwa."

Kofia ya mkuu wa kikosi ilikuwa juu ya meza, mbele ya daftari la Bi Enid. Mtu mmoja aliunga mkono, mwingine akaanza kupiga makofi. Desmond aliona kwamba akinyamaza kwa muda wa pumzi mbili tu, kofia ile itakuwa kichwani pake, na Garth atakuwa ndiye aliyeiweka.

Alisimama. Alishika mgongo wa kiti.

"Ule moto ulikuwa wangu," alisema. "Niliendesha lori kwenye mabua ya Garth saa tano na dakika arobaini, baada ya kusema nimesimama. Mabua yalikuwa juu ya ekzosi. Niliyaona jioni, nikayafagia."

Makofi yalikuwa yameshakatika. Mlangoni soseji zilianza kuungua na hakuna aliyekwenda kuzigeuza. Bi Enid alikuwa na kalamu juu ya karatasi. Aliuliza, si kwa ukali, aandike nini.

"Andika alivyosema," Garth alimjibu. Kisha akamgeukia Desmond. "Jioni gani?"

"Ileile."

"Kabla ya kondoo."

"Kabla ya kondoo."

Garth alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepiga hesabu ndefu na kukuta jibu ni lilelile alilolihofia. "Kuungua kunatokea," alisema. "Ungeniambia pale kwenye jiwe, tungeendelea kuua kondoo, basi. Lakini ulinipa risasi." Alichukua koti lake. "Na ulisema umesimama."

Akatoka. Walisikia pikapu yake ikiwaka, ikiondoka.

Desmond alikwenda halmashauri Jumatatu yake, akaandika maelezo, akapewa adhabu ya kisheria, akaibeba bila kulalamika. Siku ya tatu Noeline aliweka chai mezani na kusema, "Uliniacha nimwokee keki mke wa Garth, nikamwambie asimlaumu sana mumewe." Watu walimwita Garth arudi kwenye ukuu. Alikataa mara mbili, ya tatu akakubali. Klabuni wakaanza tena kumtania, wakimuuliza kama sasa anasoma majina akiwa ameketi au amelala.

Desmond hakutaniwa. Barabarani aliacha kupita njia ndefu. Walipopishana, yeye aliinua kidole, na Garth alitazama mbele, mikono yote miwili kwenye usukani. Ilikuwa hivyo majira yote ya baridi, na hivyo wakati ngano ilipotoa masuke, na Desmond hakuacha kukiinua. Oktoba walimwomba alipeleke lori kwenye maonyesho ya mji. Akasema litabaki bandani.

Desemba ilirudi. Siku ya pili ya mavuno joto lilipanda, upepo wa mashariki ukakaza, na kabla ya saa sita redio ikatoa sauti ya Garth, safari hii bila mngurumo wowote nyuma yake. Alisoma majina. Desmond alikuwa amekaa ndani ya kombaini iliyozimwa, funguo mfukoni. Alisikia Quilty akijibu, na Sandover.

"Trewin," Garth alisema.

"Nimesimama."

"Nitapita kuangalia," Garth alisema, na akasoma jina lililofuata.

Alifika baada ya dakika ishirini, kwa njia ya lami. Hakuegesha karibu na nyumba. Alitembea hadi kwenye kombaini, akaweka kiganja juu ya injini yake. Kisha akaenda bandani. Desmond alimfuata kwa nyuma, hatua kumi. Garth alizunguka lori, akainama na kuchungulia chini yake pande zote mbili, akapanda kwenye ngazi, akashika lile bomba la kusimama kwa mkono mtupu na kuuacha pale muda, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Baridi," alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwa Desmond, ana kwa ana, tangu Aprili. Akashuka, akafuta vumbi kwenye suruali, akarudi kwenye pikapu yake. Desmond alibaki mlangoni pa banda mpaka vumbi lilipotua. Wengine wote wa wilaya walikuwa wameaminiwa kwa neno. Yeye alikuwa ameguswa kwa kiganja, na alijua kwamba mwaka ujao ataguswa tena, na mwaka wa baada yake. Akaingia ndani, akachukua patasi na nyundo, akaling'oa komeo la mlango wa banda, ili yule atakayekuja kukagua asihitaji kubisha.